Ukaazi wa kudumu wa Kanada: maswali tunayoulizwa kila siku hapa steshenari, Mwanjelwa

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, jijini Mbeya: kompyuta mbili, printa moja, na skana inayokwama ukiiharakisha. Mdogo wangu ni muuguzi. Aliomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kupitia Express Entry, ule mfumo wa mtandaoni wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi ulioanza Januari 2015, na karatasi zake zote zilipita kwenye skana hii. Alipoondoka, maswali yakabaki kwangu. Mtu anakuja kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA, akishalipa haondoki: "Dada, hivi yule mdogo wako alifanyaje?" Wanatoka Ilomba, Uyole, Tukuyu, wengine wanapanda basi toka Makambako na Mafinga. Nimechoka kurudia, nimeandika.

Majibu mengi ni ya Express Entry. Wanaoitwa na mume au mke wana swali lao huko mbele.

Nimetuma miezi minne sasa, kimya kabisa. Wamenikataa?

Hapana. Ukikataliwa utaandikiwa barua, na barua itataja sababu. Kimya ni kimya tu.

Nalianza hili kwa sababu ndilo linalowanyima watu usingizi. Wengi wanadhani faili linakwenda kama basi la Dar: Igawa, Makambako, Iringa, Mikumi, kituo baada ya kituo, likisimama mahali basi limeharibika. Sivyo. Linafanana zaidi na kamati za harusi. Wa chakula wanahangaika na chakula, wa ukumbi na ukumbi, wa mapambo na mapambo, wote kwa wakati mmoja, na mwenyekiti hawezi kusema shughuli ipo mpaka kila kamati ilete taarifa. Kule kuna wanaoangalia vipimo vya afya, wanaohakiki kama unastahili alama ulizodai kwa umri, elimu, lugha na kazi, wanaoangalia rekodi ya jinai, na wanaoangalia usalama. Hii ya mwisho hushirikisha idara nyingine za serikali yao, na ofisa wa uhamiaji aliyeshika faili lako hana uwezo wa kuiharakisha. Kamati tatu zinaweza kuwa zimemaliza zamani, inasubiriwa moja.

Lengo walilojiwekea kwa Express Entry ni miezi 6 tangu wapokee maombi yaliyokamilika. Ni lengo, si ahadi. Mama mmoja alinihakikishia kuna mtu kamfungia faili mwanae. Si kila kimya ni kulogwa, mama.

Basi hatua zenyewe ni zipi, toka mwanzo?

Unaanza kwa kujaza wasifu mtandaoni: umri, elimu, lugha, kazi. Ukikidhi masharti ya chini unaingizwa kwenye kundi la wanaosubiri, na wasifu wako unakaa humo miezi 12. Humo hujaomba chochote bado, umejiorodhesha tu. Kila baada ya muda Kanada wanachomoa wenye alama za juu na kuwapa mwaliko, ambao kwenye magrupu ya WhatsApp utauona ukiitwa ITA. Kuanzia siku ya mwaliko una siku 60 za kutuma maombi yenyewe, na nyaraka zote, na ada.

Ukishatuma, mfumo unakupa barua ya kupokelewa yenye namba ya faili inayoanza na herufi E. Barua hiyo hutoka yenyewe, haimaanishi kuna mtu amefungua faili lako. Mtu anakuja baadaye kukagua kama kila kitu kipo. Kikikosekana kitu wanaweza kukurudishia maombi, na kurudishiwa si kukataliwa, lakini uchungu wake unafanana: mwaliko umekwenda, unarudi kwenye kundi kusubiri bahati nyingine.

Ukipita hapo ndipo zile kamati zinaanza kazi. Unaitwa kutoa alama za vidole, sifa zinahakikiwa, historia yako inachunguzwa. Mwisho ofisa anaamua, unaombwa pasipoti, unapewa viza na hati ya kuthibitisha ukaazi. Na hata hapo hujawa mkaazi wa kudumu. Unakuwa siku unayotua Kanada na ofisa wa mpakani akakamilisha.

Alama zinahesabiwaje, na mtu wangu wa miaka 38 ana nafasi?

Jumla ya juu ni alama 1,200, na 600 kati ya hizo ni za mtu aliyeteuliwa na jimbo la Kanada. Umri una uzito: asiye na mwenzi mwenye miaka 20 hadi 29 anapata 110 kamili, akigusa 30 zinaanza kushuka, akifika 45 ni sifuri. Kwa hiyo wa miaka 38 nafasi anayo, ila atafute alama kwingine, na kwingine kwenyewe ni lugha.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS lazima uwe wa General. Nimeona watu wawili wamelipia ule wa Academic kwa kuwa jina lake limesikika la kisomi zaidi. Haukubaliki kwa kazi hii, hela imekwenda. Lenga angalau 8 kwenye kusikiliza na 7 kwenye kusoma, kuandika na kuzungumza, maana hapo ndipo alama zinaporuka ghafla. Majibu yana uhai wa miaka 2. Anayejua Kifaransa anaongezewa hadi alama 50, na tangu 2023 wana michujo maalumu ya wanaojua Kifaransa, ya watu wa afya, ya mafundi. Mdogo wangu aliingilia dirisha la afya.

Vyeti vya chuo vinapelekwa kupimwa thamani na taasisi walizoziteua, na ripoti yake inatumika miaka 5. Chuo ndicho kinachotuma matokeo moja kwa moja, si wewe. Ukikijua chuo chako na kasi yake, anza mapema.

Kitu kimoja zaidi: ofa ya kazi. Zamani ilikuwa inaongeza alama, na madalali waliiuza kama njugu. Tangu Machi 2025 alama hizo zimefutwa. Anayekuuzia "ofa ya kukupandisha alama" leo anakuuzia karatasi.

Majina yangu hayafanani kwenye vyeti. Ni tatizo?

Hili ndilo tatizo. Ukiniuliza watu wa huku wanapotezea wapi muda, si Ottawa. Ni hapa hapa, kwenye majina.

Nikuonyeshe la kwetu. Mama yetu anaitwa Tusajigwe. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu karani aliandika Tusayigwe, kwa sababu Wanyakyusa wenyewe ukiwasikiliza husikii kama ni j au y. Mdogo wangu naye: cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, NIDA wana matatu lakini la babu limetangulia la baba, na pasipoti imefuata NIDA. Kwa macho yetu ni mtu mmoja. Kwa ofisa ambaye hajawahi kufika Rungwe ni watu watatu, na yeye ana maelfu ya mafaili mezani.

Tulifanya hivi. Cheti cha kuzaliwa kilirudishwa RITA, wanaotoa vyeti hivyo, kusahihishwa jina la mama. Kwa vyeti vya shule, ambavyo havibadilishwi kirahisi, aliapa mbele ya wakili kiapo kinachoorodhesha kila jina lilivyoandikwa kwenye kila cheti, cheti kwa cheti, kwamba wote ni yeye. Halafu kwenye fomu ya Kanada kuna sehemu inayouliza kama umewahi kutumia jina lingine. Watu wanaiacha tupu kwa kuogopa kuonekana matapeli. Ijaze! Ofisa akiona mwenyewe umetaja tofauti, amemaliza. Akiigundua yeye, ameanza.

Yote haya yafanyike kabla ya mwaliko. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka uambiwe urudi wiki ijayo mara tatu. Na wewe wa Makete unayeitwa Sanga, kumbuka akina Sanga mko wengi kama viazi. Tarehe ya kuzaliwa ikipishana hata siku moja kati ya karatasi na karatasi, ndiyo hiyo pekee iliyokuwa inakutofautisha.

Nyaraka za Kiswahili, kama barua ya mtendaji wa kijiji, zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hiyo. Tafsiri yako mwenyewe, au ya shangazi yako mwalimu wa Kiingereza, haipokelewi.

Nimefanya biashara Zambia na Malawi. Natakiwa cheti cha polisi cha huko?

Kanuni yao: kila nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umeshatimiza miaka 18. Kuvuka Tunduma asubuhi kwenda Nakonde na kurudi jioni si kukaa. Kushuka Kasumulu kuchukua mzigo siku tatu si kukaa. Lakini kama ulipanga chumba Lusaka mwaka mzima, unahitaji cheti cha polisi wa Zambia, na uanze kukifuatilia leo. Cha nchi unayoishi sasa kiwe kimetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kutuma maombi. Ukikichukua mapema mno kitachacha.

Sambamba na hilo kuna historia yako ya miaka 10, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Miezi uliyokaa nyumbani unalima, andika unalima, na kijiji ukitaje. Hakuna aibu kwenye jembe, pengo ndilo linalotia shaka.

Hela za kuonyesha ni kiasi gani, na za kikoba zinahesabika?

Kwa asiyefanya kazi tayari huko Kanada, kiwango kilichoanza Julai 2025 ni dola za Kanada 15,263 kwa mtu mmoja, na kinapanda kadiri familia inavyokuwa kubwa. Hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo angalia ukurasa wao rasmi. Unahesabu familia yote, hata anayebaki.

Wanataka barua ya benki: akaunti ilifunguliwa lini, ina kiasi gani, wastani wa miezi 6 ni upi, una deni gani. Kikoba ni kizuri sana, mimi mwenyewe nimo, ila daftari la mweka hazina halimsaidii ofisa. Zikigawanywa ziingize benki na zikae. Za kwenye simu vivyo hivyo. Umeuza shamba Isyonje na milioni kadhaa zimeingia kwa mkupuo? Ambatisha mkataba wa mauziano wenye mihuri na barua fupi ya maelezo. Mkopo haukubaliki. Kuazima kwa shemeji wiki mbili ili salio lipendeze, wastani wa miezi 6 utakuumbua.

Ada zenyewe, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, zilikuwa dola 950 za kushughulikia na 575 za haki ya ukaazi, jumla 1,525 kwa mtu mzima. Mtoto ilikuwa 260. Huwa wanazipandisha kila baada ya miaka 2, kwa hiyo angalia za leo kwenye ukurasa wao. Alama za vidole ni 85 kwa mtu, 170 kwa familia inayoomba pamoja. Ukikataliwa, ile ya haki ya ukaazi inarudi. Ile ya kushughulikia, kazi ikishaanza, hairudi.

Nina mtoto wa nje ambaye mke wangu hamjui. Nimtaje?

Kaka, mtaje. Umeniuliza kwa sauti ya chini huku unakunjakunja kopi, nami nakujibu hapa kwa sauti ya juu ili na wenzako wasikie.

Kila mtoto wako, wa ndani na wa nje, anayekuja na asiyekuja, anaorodheshwa. Anayestahili kwa umri, yaani chini ya miaka 22 na hana mwenzi, anatakiwa pia kupimwa afya hata kama anabaki Mbalizi na bibi yake. Usipomtaja, sheria yao inamtoa kwenye orodha ya ndugu unaoweza kuwaita baadaye. Kumekuwa na nafuu za muda kwa waliosahau, lakini usimwekee mtoto maisha yake kwenye nafuu ya muda. Na ofisa akiiona kama umeficha kwa makusudi, wewe mwenyewe unafungiwa miaka 5. Mke utamweleza, mtalia, mtapatana au hamtapatana. Fomu haina kikao cha wazee.

Na wale watoto wa marehemu kaka, tunaowalea tangu wakiwa wachanga na wanatuita mama? Hapa sheria ya Kanada na utu wetu havisomani. Kwao mtoto ni uliyemzaa au uliyemwasili kisheria, kwa amri ya mahakama. Kulea tu, hata miaka 12, hakumfanyi awe wako kwenye fomu. Kama nia ipo, uasili uanzie mahakamani, kabla ya Kanada.

Vipimo vya afya vinafanyika wapi na lini?

Kwa daktari aliye kwenye orodha ya Kanada tu. Daktari wako wa siku zote, hata akiwa bingwa hospitali ya rufaa, hawezi. Sisi tulikwenda Dar: basi la alfajiri, Kitonga mchana, usiku tunashuka, zaidi ya kilomita 800, na mdogo wangu amegoma kula njiani akiogopa vipimo vitaharibika. Hakukuwa na haja.

Zamani ulikuwa unatuma maombi kwanza, ndipo unaambiwa kapime. Tangu 21 Agosti 2025 mwombaji wa Express Entry anapima kwanza na kuambatisha uthibitisho. Ukisoma maelezo ya zamani mtandaoni yatakupoteza. Kuanzia miaka 5 ni mkojo, kuanzia 11 ni eksirei ya kifua, kuanzia 15 ni damu kwa kaswende na VVU.

Swali la VVU huwa linaandikwa kwenye karatasi na kusukumwa mezani, kwa hiyo nijibu wazi: kuwa na virusi peke yake hakukufungii mlango. Wanachopima ni kama gharama za matibabu yako zitazidi kiwango walichoweka, ambacho tangu 2018 ni mara tatu ya wastani wa matumizi ya Mkanada. Dawa nyingi za leo zina bei za chini kuliko zamani. Na mume, mke au mtoto anayeitwa na mwenzi au mzazi wake haangaliwi kigezo hicho cha gharama.

Kinachochelewesha watu wa kwetu ni kifua. Mteja mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu Chunya, eksirei ilionyesha kovu. Hakuwa anaumwa. Alitoa makohozi siku tatu mfululizo, yakaoteshwa maabara, na kuotesha huchukua hadi wiki 8. Alikaa hiyo miezi miwili akidhani amekwisha. Majibu yakatoka safi. Kama uliwahi kuugua TB, nenda na karatasi zako za kliniki.

Vipimo vina uhai wa miezi 12. Liweke hilo akilini, litarudi.

Na alama za vidole?

Barua ikifika una siku 30. Kituo cha maombi ya viza ya Kanada kiko Dar, unaweka miadi, unakwenda na barua na pasipoti, dakika chache umemaliza. Wenye miaka 14 hadi 79. Waliozoea kuchimba viazi au kuchuma chai vidole vinakuwa vimelika; pakaa mafuta wiki nzima kabla, pumzisha mikono.

Kwenye akaunti imeandikwa hiki na kile. Inamaanisha nini?

Utaona mistari: sifa, vipimo, nyaraka za ziada, usaili, alama za vidole, uchunguzi wa historia, uamuzi wa mwisho. Watu wanaisoma kama ngazi, wakidhani mstari wa juu lazima umalizike ndipo wa chini uanze. Ni zile kamati.

"Huhitaji usaili kwa sasa" ni ya kawaida, wengi hawaitwi. Uchunguzi wa historia kuandikwa "unaendelea" kunaweza kukaa hivyo miezi, halafu siku moja kila kitu kikamalizika kabla ya saa nne asubuhi. Siku nyingine tarehe ya juu inabadilika na ndani hakuna ujumbe wowote. Kuna aliyefungua akaunti mara kumi na moja siku moja kwenye kompyuta yangu. Nilimtoza mara moja tu, nilimwonea huruma.

Ukitaka kuona ofisa ameandika nini ndani ya faili, ndugu aliye Kanada anaweza kukuombea nakala kwa ridhaa yako ya maandishi. Ada ni dola 5. Humo utaona kila kamati imefika wapi. Mimi nisingeomba kabla ya ile miezi 6 kupita, maana utapokea kurasa nyingi zisizo na jipya.

Nimepata barua ya kunitaka nijieleze. Nimekwisha?

Bado. Barua ya namna hiyo inasema ofisa ana shaka na jambo fulani na anakupa nafasi kabla hajaamua. Ina siku zake za mwisho, zihesabu. Isome mara tatu ujue anauliza nini hasa, ujibu hicho, na ushahidi. Mwingine anaulizwa kuhusu barua ya mwajiri, anajibu kurasa nne za jinsi anavyoipenda Kanada.

Barua ya mwajiri ndiyo inayoponza wengi. Itaje cheo, majukumu, saa kwa wiki, mshahara, tarehe. "Tunathibitisha alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu" haitoshi. Usiandike mwenyewe kisha ukagonga muhuri wa kuchonga. Ofisa anaweza kupiga simu kwa mwajiri, na uongo ni ile miaka 5.

Nimejifungua wakati faili linaendelea. Na pasipoti inakaribia kuisha.

Hongera. Waarifu mara moja kupitia fomu ya mtandaoni ya mawasiliano: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ada yake, vipimo vyake. Ndoa, talaka, kifo, kazi mpya, anwani mpya, vyote vivyo hivyo. Pasipoti ifanye upya mapema na utume nakala, kwa sababu viza haiwezi kupita tarehe ya mwisho ya pasipoti.

Mume wangu yuko Toronto, ndiye ananiita. Hatua ni zile zile?

Hapo hakuna alama wala mwaliko. Kuna mafaili mawili yanayofuatana: kwanza wanaangalia kama yeye anafaa kukuita, halafu wewe kama unafaa kuingia. Kukubaliwa kwake si kukubaliwa kwako; usichinje kuku mapema. Anasaini kwamba atakutunza miaka 3.

Kinachopimwa sana ni kama ndoa ni ya kweli. Picha za mahari, za wazee wamekaa, meseji za miaka, risiti za hela alizotuma. Za harusi tu hazitoshi, yeyote anaweza kukodi suti. Na hili liwafikie ndugu zangu Waislamu: ndoa iliyofungwa bwana harusi akiwakilishwa na wakili, au kwa simu, haitambuliki kwao. Tangu 2015 wanataka wote wawili wawepo kwa miili yao. Ndoa ya mke wa pili nayo hawaitambui, hata kama sheria yetu ya ndoa ya 1971 inairuhusu.

Nikulipe unijazie fomu?

Hapana. Nitaskani, nitaprinti, nitakupangia mafaili yako kwa majina yanayosomeka. Kujaza na kushauri kwa malipo, sheria ya Kanada inaruhusu wanasheria wao na washauri wenye leseni tu, na majina yao yanatafutika mtandaoni. Dalali mmoja wa hapa mjini alimjazia kijana wa Sae na kuweka barua pepe yake yeye dalali. Barua ya alama za vidole ikaja, dalali hakuisoma. Siku 30 zikapita. Barua pepe na nywila viwe vyako, hata ukiwa na mshauri halali.

Wameniomba pasipoti!

Ile ndiyo PPR unayoiona magrupuni, na ndiyo siku ya kuchinja kuku. Unaipeleka kupitia kituo cha viza, inarudi na viza. Angalia tarehe ya mwisho: mara nyingi inafuata vipimo vyako au pasipoti, chochote kinachoisha mapema. Ndiyo maana nilisema ile miezi 12 itarudi. Ukichelewa kutua ukisubiri mpunga wa Kyela uvunwe, tarehe haikusubiri.

Uwanjani taja hela kama zinafikia dola 10,000, na utaje kila chakula ulichobeba. Kadi ya ukaazi inakuja kwa posta. Wape anwani ya Kanada ndani ya siku 180.

Nitapoteza uraia wa Tanzania?

Kwa ukaazi wa kudumu, hapana, unabaki Mtanzania na pasipoti yako. Uraia wa Kanada ndio mwingine, maana Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kuutunza ukaazi unatakiwa uwe Kanada siku 730 katika kila miaka 5.

Mdogo wako alipofika alianza uuguzi siku hiyo hiyo?

Hakuanza. Ukaazi si leseni. Leseni ya uuguzi hutolewa na jimbo, na mtihani ni NCLEX. Alianza kwa kuhudumia wazee huku anasoma usiku. Anasema baridi yao ukiifananisha na ya Uyole mwezi Juni utachekwa.

Mnafungua saa ngapi?

Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili baada ya ibada. Njoo na vyeti halisi, kopi ya kopi inatoka nyeusi. Ukikuta umeme umekatika, kaa, kuna benchi.